Watoto 74, kompyuta moja na mchezo wa kuvuta kamba

Swali: Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la tano, wilaya ya Kilosa. Nina wanafunzi 74. Shule ina kompyuta mpakato moja na projekta, na mimi nina kishikwambi. Intaneti ni bando langu mwenyewe. Nimejaribu nyumbani michezo ya mtandaoni ya uigaji, ile inayoiga hali halisi, ikanivutia sana. Lakini mwalimu mkuu anaogopa wazazi watasema tunawachezesha watoto badala ya kuwafundisha, na mimi sijui nianzie wapi. Je, michezo hii inafaa kwa watoto wa umri huu? Na kwa darasa kubwa kiasi hiki inawezekana kweli?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, inafaa, na kwa darasa lako inawezekana. Tena usiihesabu ile kompyuta moja kuwa balaa. Nimeingia madarasa ambamo kila mtoto ana kifaa chake, na nikatoka sijasikia swali hata moja. Kila mmoja alikuwa amezama kwenye kioo chake, anabonyezabonyeza, hana wa kubishana naye. Mimi huutafuta ule ubishi. Mchezo wa uigaji huwapa watoto jambo la kubishania ambalo wanaweza kulijaribu papo hapo, na kila mtu akaona. Mtoto akibonyeza kabla hajasema anachodhani kitatokea, amecheza tu. Akisema kwanza, akabonyeza, matokeo yakamkataa, akaanza kutafuta sababu, hapo amesoma. Kazi yako yote iko kwenye zile dakika mbili kabla ya kubonyeza na zile kumi baada yake.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Huenda unakumbuka shindano la Global Learning XPRIZE, lililopeleka vishikwambi kwa watoto wa vijiji vya Tanga, wengi wao wasiokwenda shule. Washindi wake wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa mwaka 2019. Programu zile zilifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na kwa sehemu kubwa ni michezo ya mazoezi: mtoto anaulizwa, anajibu, anaambiwa amepata au amekosa. Ni kazi njema, na kwa mtoto anayeanza kuunganisha silabi ina faida kubwa. Ila uigaji ni kitu kingine. Humo hakuna anayekuuliza swali. Umewekewa dunia ndogo yenye kanuni zake: unabadilisha kitu kimoja, vingine vinafuata, na ni juu yako kugundua kwa nini. Ukitaka kupima mchezo wowote uliouona mtandaoni, jiulize hivi: mtoto akibadilisha kitu, je, kinachotokea kina sababu ambayo anaweza kuigundua mwenyewe? Kama kinachotokea ni makofi na nyota tu, hilo ni zoezi lililovishwa nguo za sikukuu.

Kwa kuanzia ningekushauri utumie PhET, tovuti ya michezo ya uigaji ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ilianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Ni bure, haina matangazo, wala haimdai mtoto jina au barua pepe ili acheze. Baadhi ya michezo yake imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na watu waliojitolea, kwa hiyo tazama kwanza orodha ya lugha kwenye ukurasa wa mchezo wenyewe. Mchezo ukiwa wa Kiingereza, maneno ni machache. Yaandike ubaoni kwa Kiswahili kabla ya kipindi, basi.

Na bando lako litapona. Michezo yao mipya hupakuliwa kama faili moja linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Unapakua mara moja ukiwa mahali penye mtandao, unaweka kwenye flashi, unahamishia kompyuta ya shule. Ujaribu siku moja kabla, kwenye kompyuta ileile na projekta ileile, data ikiwa imezimwa. Usijaribu kwenye kishikwambi chako halafu ukaamini kwamba kwenye kompyuta ya shule itakuwa vilevile. Na ukikutana na michezo ya zamani iliyotengenezwa kwa Flash (hiyo ni teknolojia ya zamani ya michezo ya mtandaoni, si ile flashi ya kuhifadhia faili), usihangaike nayo. Flash iliachwa na watengenezaji wake mwisho wa mwaka 2020, na vivinjari vya leo havifungui faili zake.

Sasa nikueleze kipindi kimoja kwa ukamilifu, maana ushauri wa jumla hausaidii mtu anayeingia darasani kesho saa mbili asubuhi.

Tafuta mchezo uitwao Forces and Motion: Basics. Sehemu yake ya kwanza ni kuvuta kamba. Katikati kuna kigari cha magurudumu, huku na huku kamba, kushoto wavutaji wa bluu, kulia wekundu. Kila upande una wadogo wawili, wa kati mmoja na mkubwa mmoja. Mdogo anavuta kwa kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ya newtoni 50 (newtoni ni kipimo cha kani), wa kati 100, mkubwa 150. Namba hizo unaweza kuzionyesha au kuzificha. Mwanzoni zifiche.

Omba vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Dirisha la upande wa jua lifunike kwa kanga, picha ionekane. Mweke mtoto mmoja kwenye kompyuta awe mikono ya darasa. Yeye haamui chochote, anafanya linalosemwa na wenzake, na kila raundi anabadilishwa. Wewe kaa pembeni na chaki.

Raundi ya kwanza: mweke mkubwa mmoja wa bluu, na upande wa pili mdogo na wa kati wekundu. Usiruhusu mtu kubonyeza. Uliza: nani atashinda? Kila mtoto aandike kwenye daftari lake neno moja, bluu, nyekundu au sare, na sababu kwa sentensi moja. Kisha wasimame kwa zamu, uhesabu, uandike idadi ubaoni. Kwangu mimi wengi husema nyekundu, kwa kuwa wawili ni wengi kuliko mmoja. Wachache husema bluu kwa kuwa yule ni mkubwa. Wa sare huwa hawazidi vidole vya mkono. Halafu mtoto anabonyeza kitufe cha kuanzia, na kigari hakisogei hata kidogo. Hapo nyamaza. Najua ni vigumu. Mwalimu yeyote akiona macho 148 yanamwangalia anatamani kueleza. Mara yangu ya kwanza nilieleza mapema, na watoto wakarudi kukaa kama wanaotazama televisheni, kwa sababu nilikuwa nimeshawamalizia kazi. Ngoja wao waseme. Atatokea mmoja wa kudai kompyuta imeharibika, na mwingine wa kutaka kumtoa mdogo aone itakuwaje. Waache wamtoe. Baada ya majaribio matatu manne, onyesha zile namba, nao wataona wenyewe kwamba 50 na 100 ni 150.

Raundi ya pili hutoka kwa watoto bila kuwaomba. Atasema mtoto mmoja kwamba anayesimama mbele karibu na kigari anavuta zaidi kuliko wa nyuma. Jaribuni. Msogezeni yuleyule kutoka fundo la mbele hadi la mwisho. Hakuna kinachobadilika. Andika swali hilo pembeni mwa ubao, mlijaribu pia kwa kamba halisi mtakapotoka nje.

Ya tatu ndiyo yenye uzito. Mkubwa wa bluu avute dhidi ya wa kati mwekundu. Kigari kinaanza kwenda upande wa bluu. Kikiwa njiani simamisha mchezo kwa muda, ongeza mdogo mmoja mwekundu. Sasa ni 150 kwa 150. Uliza: tukiendelea, kigari kitafanya nini? Karibu darasa zima litasema kitasimama, na usishangae mwalimu mwenzako aliyechungulia dirishani akisema hivyo hivyo. Endelezeni mchezo, na kigari kinaendelea kwenda kwa kasi ileile. Kani huhitajika kubadilisha mwendo, iwe kuuanzisha, kuuongeza au kuupunguza. Mwendo ukishakuwapo hauhitaji kani ili uendelee. Galileo na Newton walilipigania jambo hili miaka ya 1600, na watu wazima wengi waliosoma hadi chuo bado hawalikubali moyoni. Kwa hiyo usitegemee darasa la tano wamalize siku moja. Waulize tu juu ya baiskeli: ukiacha kukanyaga pedeli kwenye tambarare, inasimama palepale? Haisimami. Inakwenda, inapungua, mwisho inasimama. Nini kinaipunguza? Acha swali likae hapo, mtoke nje.

Nje uwe na kamba halisi. Kwenu Kilosa kamba ya katani haina shida, ila iwe nene na isiwe mpya yenye miiba. Sheria moja haina mjadala: hakuna kuizungusha kwenye kiganja wala kujifunga kiunoni. Kamba iliyozungushwa mkononi ikikazwa ghafla huumiza vidole vibaya. Kuvuta ni kwa kushika tu, na mwalimu akipuliza filimbi wote wanaacha polepole, si kuachia ghafla. Gawa timu mbili unazoona zinalingana, kitambaa katikati, mstari chini. Raundi moja wavute kwenye majani, timu zote peku. Nyingine timu moja isimame kwenye majani, nyingine kwenye sakafu ya baraza iliyofagiliwa, wakiwa na soksi. Walio na soksi watateleza kama samaki, hata wakiwa ndio wenye nguvu.

Siku niliyofanya hivi, binti mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi alirudi darasani, akatazama picha ukutani, akasema: "Mwalimu, hawa wa kwenye kompyuta hawatelezi." Nilimwomba arudie, wenzake wakageuka. Sentensi ile ilikuwa na somo zima la msuguano. Watengenezaji wa mchezo wameuondoa makusudi, ili kani za kuvuta zionekane peke yake, nyayo zisiingilie. Wanasayansi hufanya hivyo kila siku: wanapunguza mambo ili walione moja vizuri. Lakini mtoto lazima ajue kwamba kuna kitu kimepunguzwa. Ndiyo maana nasisitiza, uigaji usiwe badala ya kitu halisi pale ambapo kitu halisi kipo. Uviweke pamoja, kimoja kikihoji kingine. Mbegu ya maharage kwenye kopo, usiifanye ya kompyuta. Uigaji utumie kwa yale ambayo macho hayaoni au mkono haufiki: chembe za maji zinavyotawanyika yakichemka, umeme unavyozunguka kwenye waya, sayari. Na kwa yale ambayo huko nje huwezi kuyasimamisha katikati, kama kile kigari.

Kuna swali ambalo ningependa watoto wako wazoee kuuliza kila mchezo, hata ule wanaocheza kwenye simu ya mjomba: nani aliandika kanuni za dunia hii? Mfano mzuri ni The Oregon Trail. Ulitengenezwa mwaka 1971 huko Minnesota na vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, kwa ajili ya kipindi cha historia. Unasafiri kwa gari la kukokotwa na ng'ombe kuelekea magharibi mwa Marekani. Unanunua chakula na risasi, unakutana na magonjwa, mito na baridi. Ulichezwa kwenye mashine moja ya kuchapa iliyounganishwa kwa simu na kompyuta iliyokuwa mbali, haina hata kioo. Ukitaka kuwinda, unaandika BANG haraka uwezavyo. Watoto waliizunguka mashine ile moja, kwa hiyo hali yako wewe na kompyuta yako ina wazee wake. Mwaka 1974 Rawitsch alirudi akasoma shajara za watu waliosafiri kweli njia ile, akarekebisha uwezekano wa ajali na magonjwa ufanane na yaliyowapata. Hata hivyo kwa miongo kadhaa mchezo uliitazama safari kwa macho ya wahamiaji tu, na wenyeji waliokuwa wakinyang'anywa ardhi wakabaki pembezoni. Toleo la mwaka 2021 ndilo lililowashirikisha wanahistoria wa jamii za wenyeji hao. Sikushauri uufundishe, historia ile si ya darasa lako. Nakupa mfano ujue kwamba mchezo wa uigaji ni maoni ya mtu fulani yaliyogeuzwa kuwa namba. Ukiwapa watoto mchezo wa shamba uliotengenezwa Ulaya, waulize: masika iko wapi humu? Mbona mvua haichelewi?

Umeme ukikatika, na utakatika, uwe na mchezo wa karatasi. Huko huko Minnesota miaka ya 1970 kulikuwa na mchezo wa kibanda cha maji ya limau, Lemonade Stand. Unaangalia utabiri wa hali ya hewa, unaamua utengeneze glasi ngapi na uuze bei gani. Kwetu ufanye kibanda cha juisi ya ukwaju. Kila kundi la watoto sita linaanza na shilingi 10,000. Kutengeneza glasi moja ni shilingi 200. Dado inaamua hali ya hewa: 1 au 2 mvua, 3 au 4 mawingu, 5 au 6 jua. Ukiuza shilingi 500, siku ya jua watakuja wanunuzi 40, mawingu 25, mvua 10. Ukiuza 300, watakuja 60, 40 na 20. Kundi linaandika uamuzi wake kwanza, ndipo dado irushwe. Kundi lililotengeneza glasi 40 na kuuza 500 limetumia 8,000. Jua likiwaka linapata 20,000, faida 12,000. Mvua ikinyesha linapata 5,000, hasara 3,000, na juisi 30 zimebaki. Baada ya siku tano watakuwa wamefanya hesabu nyingi kuliko ukurasa mzima wa mazoezi, na kwa hamu. Siku ya sita wape kalamu wabadilishe kanuni zenyewe: mtoto wa muuza juisi atakwambia kwamba siku ya mnada wateja huwa wengi hata mvua ikinyesha. Hapo wamekuwa watengenezaji wa uigaji, na hakuna aliyewasha kifaa.

Mambo ya usalama nayataja kwa ufupi kwa kuwa hayana utata. Usimfungulie mtoto akaunti. Majukwaa mengi ya nje hayapokei watoto walio chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi, na Tanzania nayo tangu 2022 ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi. Mchezo ukidai jina kamili, tarehe ya kuzaliwa au picha, uache, hata kama ni mzuri kiasi gani. Yenye matangazo iache pia. Tangazo la kamari likitokea ukutani mbele ya watoto 74, maelezo yake kwa mwalimu mkuu yatakuwa marefu.

Na sasa wazazi. Hofu ya mwalimu mkuu ina msingi, nami nisingemlaumu. Mzazi aliyenunua sare na madaftari ana haki ya kuuliza mtoto wake alifanya nini shuleni. Mtoto akifika nyumbani akasema "leo tumecheza gemu", vita umeshashindwa. Kwa hiyo kila kipindi cha uigaji kiache alama kwenye daftari, mistari mitatu isiyoruka: nilidhani nini, nimeona nini, nafikiri sababu ni nini. Uisahihishe, utie sahihi. Usikate mstari wa kwanza kwa kalamu nyekundu hata ukiwa na makosa, maana dhana iliyokosewa ikiwa imeandikwa kwa uaminifu ndiyo inayoonyesha mtoto amesafiri kutoka wapi. Mzazi akija, mfungulie daftari la mwanawe, usimfungulie kompyuta. Na kama kuna kikao cha wazazi muhula huu, muombe mwalimu mkuu dakika kumi uwawekee ile raundi ya tatu. Waache nao wapige kura kama kigari kitasimama. Nimefanya hivyo na wazazi mara mbili, na mara zote mbili walibishana hadi mwenyekiti wa kamati akagonga meza.

Kishikwambi, kikiwa miongoni mwa vile vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 kisha wakapewa walimu, usikifanye cha darasa zima. Kitumie kwa wale watoto sita saba ambao kwenye kundi kubwa hawathubutu kusema. Baada ya kipindi kaa nao chini ya mti, wape wao wakishike, urudie raundi zilezile. Sauti zao zitatoka.

Anza na kipindi hiki kimoja tu, usipange muhula mzima wa michezo. Na ile idadi ya waliosema kigari kitasimama, iandike kona ya juu ya ubao, uwaombe wanaofagia wasiifute hadi mtakapokutana tena.